Bibi Harusi wa Bahasha Namba Kumi na Nne

Kabla hajamgusa farasi hata mmoja, alikuwa amesuka vichwa vya watu kwa miaka kumi na mmoja, kwenye chumba chenye viti viwili na kioo kilichopasuka kona. Kwa hiyo alipohamia kwenye mabanda ya farasi, jina lilimfuata lenyewe: Msusi. Wenzake walimwita Dada Msusi. Mume wake, fundi wa kuchomelea mageti, alimwita hivyo pale tu alipotaka kumchokoza.

Mambo yalianza kwa mteja wake mmoja aliyekuwa na binti anayeshindana kuruka viunzi kwa farasi. Siku ya mashindano nywele za shingoni mwa farasi hutakiwa kusukwa zikabana, na binti alijitahidi mpaka zikasimama kama mswaki uliochakaa. Mama mtu akamwomba Msusi aende kuokoa jahazi. Akaenda na kitana, uzi na kigoda cha plastiki. Farasi alianza kwa kutafuna kitana. Msusi akakitoa mdomoni mwake, akakikagua, akakuta kimebaki na meno ya kutosha, akaendelea na kazi. Alipofika msuko wa kumi farasi alikuwa amesinzia wima, mdomo wa chini ukining'inia.

Msimamizi wa mabanda, mzee mfupi mwenye miguu iliyopinda kwa kupanda farasi tangu utotoni, alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Farasi yule alikuwa ameshang'ata watu wawili wiki hiyo, na mmoja wao alikuwa msimamizi mwenyewe. Hakusubiri hata Msusi ashuke kwenye kigoda. Alimwuliza palepale kama anaweza kuanza kazi Jumatatu.

Akaanza. Alijifunza kusafisha kwato, kupima chakula kwa kopo, na kupita nyuma ya farasi bila kumshtua. Lakini sifa yake kubwa ilibaki kwenye nywele. Alipenda kusema kwamba wateja wake wa zamani walihangaika maisha yao yote kutafuta nywele za singa, na hawa wamezaliwa nazo na wala hawana habari.

Shamba lile lilikuwa la kuzalisha farasi, na aliyelisumbua zaidi ni jike mmoja mwekundu, mrefu, mwenye kifua kipana na shingo nene, ambaye wafanyakazi walimwita Bibi Harusi. Jina hilo alipewa kwa sababu kila mwaka alipelekwa kwa dume, akaoshwa, akachanwa, akafungwa mkia vizuri, na kila mwaka akarudi vilevile alivyokwenda. Miaka mitatu mfululizo. Mtoto hakuna, dalili hakuna, na mwenyewe wala hakuonyesha kujali. Majike wengine siku zao zikifika huhangaika, huita, hunyanyua mkia. Bibi Harusi alisimama tu akitafuna nyasi kavu kama mgeni aliyekuja harusi isiyo yake.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mpishi wa wafanyakazi alisema ni unene. Mlinzi wa geti alisema ni maringo. Mwenye shamba, mtu wa haraka ambaye hata chai aliinywa akiwa anatembea, aliamua kuwa kosa ni la dume. Dume lenyewe liliitwa Jenerali, jeusi tititi, na msimamizi alilipenda kama mpwa wake wa damu. Msimamizi alimkumbusha mwenye shamba kwamba Jenerali ana watoto wasiopungua ishirini wanaokimbia kwenye mashamba ya majirani. Mwenye shamba akajibu kwamba hao ni wa zamani, na kwamba hata kisima hukauka. Akatangaza kuwa msimu ukiisha hivi, Jenerali atatafutiwa pa kwenda. Tangu siku hiyo msimamizi alikuwa akimtembelea Jenerali bandani mara tano kwa siku, akimnong'oneza mambo ambayo hakuna aliyeyasikia.

Daktari wa mifugo wa shamba alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, mwenye subira na buti kubwa kuliko miguu yake. Alikuwa ameshampima Bibi Harusi kwa mashine ya picha na hakuridhika na alichokiona. Kizazi kilikuwa kidogo mno kwa jike wa umri ule, na vifuko vya mayai alivitafuta kama mtu anayetafuta sindano zuliani. Lakini farasi alikuwa akirusha mateke siku hiyo, na daktari hakutaka kusema neno asilo na hakika nalo. Akaliandika kwenye daftari lake, akanyamaza.

Lililomrudisha shambani ni jambo lingine kabisa. Mwaka uliotangulia walikuwa wamepoteza mtoto wa farasi aliyezaliwa mzima, akacheza vizuri, kisha akiwa na miezi miwili akaanza kuugua kila kilichopita: mafua, kifua, kuhara, mpaka akafa. Daktari alishuku ugonjwa wa kurithi unaomfanya mtoto azaliwe bila kinga mwilini. Akataka farasi wote ishirini na watatu wapimwe vinasaba, wajulikane ni nani wanaoubeba. Na kwa kipimo hicho alihitaji nywele thelathini za kila farasi, pamoja na mizizi yake.

Alijaribu mwenyewe kwa farasi wa kwanza. Alipata nywele nyingi, zote zimekatikia katikati, na akapata pia teke la paja. Msimamizi akamwita Msusi.

Daktari alimweleza kwa upole. Unywele wenyewe hausaidii sana. Kinachotakiwa ni kile kitone cheupe kwenye mzizi, maana humo ndimo mna chembe hai zenye maandishi yote ya mwili, kama kitabu cha maelekezo kilichokunjwa kikawa kidogo kuliko punje ya vumbi. Kila farasi ana nakala mbili za kila ukurasa, moja kutoka kwa mama na nyingine kwa baba. Nakala moja ikiwa mbovu, ile nzima hufanya kazi na farasi haumwi, ila anaweza kuipitisha ile mbovu kwa mtoto wake. Zikikutana mbovu mbili ndani ya mtoto mmoja, ndipo balaa.

Msusi alisikiliza, akauliza swali moja tu: kama nakala ya mama na ya baba zina nguvu sawa. Daktari akasema zina nguvu sawa. Msusi akasema atamweleza mama mkwe wake, kwa sababu yeye huamini kwamba wajukuu wazuri wote wamefanana na mwanawe, na watukutu wote wamefanana na mkwewe.

Siku mbili alizunguka mabandani. Alikuwa na namna yake: anamkuna farasi chini ya masikio, anazungusha nywele chache kwenye kidole, anasubiri farasi avute pumzi, halafu anazing'oa mara moja, kavu, kabla mwenyewe hajajua kilichomfika. Anaziangalia kwenye mwanga kuona vile vitone, anazipanga, anazibandika, anafunga bahasha, anaandika namba. Bibi Harusi alikuwa namba kumi na nne. Jenerali alikuwa namba kumi na tano. Bahasha zikaenda maabara.

Majibu yalirudi baada ya wiki tatu. Daktari aliyasoma ofisini, mbele ya mwenye shamba, msimamizi na Msusi. Farasi watano walikuwa wanabeba nakala mbovu ya ule ugonjwa, Jenerali akiwa mmojawapo. Hawakuwa wagonjwa, ila wasikutanishwe wao kwa wao. Hilo lilieleweka. Kisha daktari akafika namba kumi na nne, akasita, akaisoma tena kimoyomoyo, na mwenye shamba akamwambia aseme tu.

Maabara iliandika kwamba farasi namba kumi na nne ni dume.

Msimamizi alicheka peke yake, akaacha alipoona hana mwenzake. Mwenye shamba hakucheka. Alimgeukia Msusi, akasema alijua tu kwamba kazi ya kitaalamu haipewi mtu wa saluni. Namba kumi na nne na kumi na tano ziko jirani. Ni wazi amechanganya nywele za Jenerali na za Bibi Harusi. Na kama amechanganya hizo, nani ajuaye amechanganya ngapi? Pengine majibu yote ni takataka. Akabeba kikombe chake akatoka, na chai ikamwagika njia nzima.

Msusi alirudi nyumbani. Mume wake alimwona akikata mboga kwa hasira, vipande vidogo mpaka havionekani, akajua leo si siku ya utani. Akamwuliza kulikoni. Msusi akamweleza. Kilichomuuma, alisema, si kufokewa. Wateja walishamfokea sana, hasa wanaotaka msuko wa saa tano umalizike kwa saa mbili. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa na hakika. Miaka kumi na mmoja, nywele za watu mezani, za kubandika, za rangi zote, na hakuna mwanamke aliyewahi kutoka pale na rasta za mwenzake.

Mume wake alifikiri kidogo kwa namna yake ya kifundi. Akasema, "Geti likikataa kufunga, situpi geti. Naangalia kwanza kama ni bawaba au ni ukuta."

Neno lile lilikaa naye. Asubuhi, akiwa anachana mkia wa Bibi Harusi, akaanza kuyapanga mambo kichwani kama anayepanga mistari ya msuko. Ghafla akaacha kitana kikining'inia mkiani, akaenda kumtafuta daktari.

"Daktari," alisema, "namba kumi na tano maabara walisemaje? Dume au jike?"

Daktari akafungua karatasi. Dume.

"Sasa kama nilibadilisha bahasha, si kumi na tano ingetoka jike?"

Daktari alimtazama. Akaitazama karatasi. Akasema polepole kwamba labda zote mbili zilikuwa nywele za Jenerali. Msusi akamwuliza kama maabara inaweza kujua hilo, na daktari akapiga simu akiwa bado amesimama bandani, kidole kimoja sikioni kwa sababu farasi walikuwa wanalia njaa. Mtu wa maabara akachungulia kwenye kompyuta yake. La, hao ni farasi wawili tofauti kabisa, wala hawana undugu. Na tena, namba kumi na nne inaoana barabara na namba tatu, kama mama yake mzazi. Na namba tatu alikuwa yule jike mzee wa banda la mwisho, mama mzazi wa Bibi Harusi.

Daktari alikata simu akaegemea mlango. Aliyakumbuka maandishi kwenye daftari lake: kizazi kidogo, vifuko vya mayai havionekani. Akasema wanahitaji damu.

Msusi akataka jambo moja kwanza. Alitaka nywele zichukuliwe upya, mbele ya mwenye shamba. Daktari alimwambia si lazima tena, damu inatosha. Msusi akasema kwa daktari si lazima, kwake yeye ni lazima. Basi mwenye shamba akaitwa, akasimama na kikombe chake, akaona Msusi akinawa mikono, akivaa glavu mpya, akizing'oa nywele za Bibi Harusi huku farasi mwingine yeyote akiwa mbali hatua hamsini. Bahasha aliifunga mwenye shamba kwa mkono wake na kuitia sahihi juu ya gundi. Damu ikatolewa, vikapelekwa vyote pamoja. Majibu ya nywele yakawa yaleyale. Ya damu yalichukua mwezi na zaidi, kwa sababu walipaswa kuzikuza chembe na kuzipiga picha chini ya hadubini wahesabu kromosomu, zile kamba ambazo maandishi ya mwili yamezungushiwa.

Siku hiyo daktari alikuja na picha. Alizitandaza juu ya pipa la chakula. Farasi ana kromosomu sitini na nne, alieleza, zinakaa mbilimbili. Jike huwa na jozi ya X mbili. Dume huwa na X na Y, na kwenye ile Y kuna jeni moja inayotoa amri mtoto akiwa bado tumboni: tengeneza dume. Bibi Harusi alikuwa na X na Y. Lakini kwenye Y yake ile jeni ya amri haikuwepo. Ilipotea huko nyuma wakati kamba zinagawanywa. Mwili ukasubiri amri, amri haikuja, ukashika njia ya jike. Ila ili vifuko vya mayai vikue sawasawa, zilihitajika X mbili, na yeye alikuwa na moja. Kwa hiyo umbo ni la jike, afya ni ya chuma, lakini mayai hana na hakuwahi kuwa nayo. Dume yeyote asingeweza kumpa mimba.

Bibi Harusi alinyoosha shingo akajaribu kula moja ya picha.

"Kwa hiyo," msimamizi akasema, "miaka mitatu tumemsingizia Jenerali."

"Na miaka mitatu tumemsumbua huyu," Msusi akasema.

Msimamizi alikwenda moja kwa moja kwa Jenerali kumpa taarifa. Mwenye shamba alizikunja zile picha, akazikunjua, akamwuliza daktari maswali mawili yenye akili. Kisha akamgeukia Msusi. Hakuwa mtu wa kuomba radhi, akaweka kwanza kikombe chake juu ya pipa. Mwishowe akasema kwamba kuanzia leo hakuna mtu mwingine atakayegusa bahasha za shamba hili. Msusi akajibu kwamba amesikia, ila angependa na lile la mtu wa saluni lisemwe. Mwenye shamba akatazama chini. Akasema lile alikosea. Akaondoka, na safari hii alisahau kikombe juu ya pipa.

Ikazuka hoja ya jina. Mlinzi wa geti alitaka abadilishwe aitwe Bwana Harusi. Mpishi akapinga, akasema farasi hana kitambulisho, abadilishiwe jina la nini. Wakamjaribu kwa jina jipya siku mbili, akakataa hata kugeuza sikio. Wakaita Bibi Harusi, akaja mbio. Hoja ikafa. Yeye mwenyewe akahamishiwa upande wa mashindano, kwa yule binti wa mteja wa zamani, na ikaonekana kwamba kifua kile kipana na miguu ile mirefu vilikuwa vinasubiri kazi yake halisi. Aliruka viunzi kama vile vimemtukana. Msimamizi alisema farasi yule hakuwa na kasoro, ila watu ndio walimtaka afanye kazi ambayo hakuzaliwa nayo.

Nyumbani Msusi alisimulia yote mezani, siku mama mkwe alipokuja kuwatembelea. Alikuwepo pia shemeji yake, mdogo wa mume wake, na mke wa shemeji, ambao walikuwa wameoana miaka sita bila mtoto. Mama mkwe alikuwa na tabia ya kumtazama mke wa shemeji tumboni kabla ya kumtazama usoni. Msusi hakusimulia kwa kumlenga mtu; alisimulia kwa sababu lilimfurahisha, na kila mtu alicheka alipofika kwenye picha iliyotaka kuliwa. Mama mkwe alicheka pia. Halafu akawa anazungusha kijiko kwenye chai ambayo sukari ilishayeyuka zamani.

"Kwa hiyo mwanangu," akamwuliza Msusi, "walimlaumu dume, wakamlaumu jike, wakamlaumu na wewe, na hakuna aliyekuwa na kosa?"

"Hakuna, mama. Walikuwa hawajapima tu."

Mama mkwe akageuka kwa mwanawe mdogo, si kwa mke wake, akamwambia waende hospitali wote wawili, wapimwe wote wawili, na wakirudi asiulizwe mtu chochote mezani. Mke wa shemeji alisimama ghafla kwenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyaomba. Waliporudi kutoka hospitali walikuwa na majibu yao, nao hawakuyasema, na mama mkwe alitimiza ahadi yake ingawa ilimtesa. Msusi alimwona zaidi ya mara moja akifungua mdomo, kisha akiujaza ndizi.

Shambani kulibaki swali moja. Bibi Harusi alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, jike wa miaka minne, na daktari alionya kwamba hitilafu ya aina ile wakati mwingine hutembea kwenye ukoo. Msusi akazing'oa nywele zake, damu ikatolewa, wote wakasubiri. Yule alikuwa na X zake mbili, kamili. Ila alikuwa pia mmoja wa wale watano wenye nakala mbovu ya ule ugonjwa wa watoto, kama Jenerali. Kwa hiyo Jenerali, aliyekuwa amesafishwa jina lake kwa shangwe, akanyimwa posa. Msimamizi alinuna wiki nzima. Daktari alimweleza kwa vijiti chini mchangani: wazazi wote wawili wakiwa na nakala mbovu, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne kwamba mtoto atapata zote mbili mbovu na kufa. Akatafutwa dume wa shamba jirani asiye na nakala hiyo. Msimamizi alimpokea kama mkwe aliyeletwa na wazee, kwa adabu lakini bila tabasamu.

Miezi kumi na mmoja baadaye Msusi alifika kazini asubuhi akakuta watu wamejazana kwenye mlango wa banda la mdogo wake Bibi Harusi. Ndani, juu ya nyasi kavu, kulikuwa na mtoto wa farasi, jike, amelowa, miguu minne kila mmoja ukiwa na mpango wake. Alisimama, akaanguka kwa pua, akasimama tena. Msimamizi alikuwa analia bila kujificha, na akasema ni vumbi la nyasi. Mwenye shamba alikuwa amekaa chini kabisa, bila kikombe, kwa mara ya kwanza watu kumwona amekaa.

Daktari alifika na begi lake, akamchunguza mtoto na mama, akaridhika. Akatoa bahasha, akampa Msusi. Msusi aliingia taratibu, akapiga magoti. Mkia wa mtoto ulikuwa mfupi, umejikunja na kulowana, nywele zake laini kiasi kwamba hazikushikika kidoleni. Mama mtu alishusha kichwa akanusa mfuko wa Msusi, akamruhusu.

Msusi aliutazama ule mkia kwa muda, kama alivyokuwa akivitazama vichwa vya watoto wadogo walioletwa na mama zao mapema mno. Akainuka, akamrudishia daktari bahasha.

"Tusubiri wiki mbili," akasema. "Bado hazijakomaa. Na leo ameshafanya kazi ya kutosha."